Kinyume cha Mzigo: Kutoka Butembo hadi Mto Lubiriha

Nilianzia Butembo kwa makusudi. Wengi wanaokwenda kuutazama mpaka wa Kongo na Uganda huanzia mpakani penyewe: huona foleni ya malori, huhesabu siku ambazo madereva wamelala chini ya trela, kisha hurudi na habari. Mimi nilitaka kusafiri kinyume cha mzigo. Nianzie pale unapopikwa, unapovaliwa na kutumika kujenga nyumba, ndipo niteremke Beni, nikate kwenda Kasindi, nifike mtoni Lubiriha ambako mzigo huo huo huomba ruhusa ya kuingia. Sababu yangu ni hii: magomvi ya biashara kati ya nchi jirani huandikwa kwa lugha ya mawaziri, lugha ya asilimia na orodha za bidhaa, lakini sokoni hayafiki yakiwa magomvi. Hufika yakiwa bei. Mama anayepima mchele kwa kopo hana njia ya kujua kama gunia limepanda kwa amri iliyotiwa saini Kinshasa, kwa mgomo wa madereva Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, au kwa kamba iliyofungwa barabarani na mtu mwenye bunduki. Anachojua ni kwamba juzi gunia lilikuwa na bei yake na leo lina nyingine, na wateja wanamtazama yeye. Hisia nilizokwenda kuzitafuta zinaishi hapo, kati ya bei na sababu yake.

Butembo ni mji unaostahili kuanzia safari ya namna hii kwa sababu umejijenga kwa biashara kuliko kwa serikali. Uko juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na baridi yake ya asubuhi humshangaza mgeni anayedhani Kongo yote ni joto la msitu. Wanande, ambao wenyewe hupenda kuitwa Wayira, walijenga hapa mtandao wa wafanyabiashara ambao tangu miaka ya 1980 na 1990, wakati serikali ya Mobutu ilipokuwa ikiporomoka, ulifika Dubai, Hong Kong na Guangzhou bila kusubiri msaada wa yeyote. Kontena hushuka Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, huingia Kasindi na kupanda hadi hapa, safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 katika miaka hiyohiyo mji ulipokuwa ukijifunza kujitegemea. Ukitembea kwenye barabara kuu, ukisoma maandishi juu ya mifuko na mabati, unasoma ramani: saruji ya Kasese, sabuni na mafuta ya kupikia ya Kampala na Jinja, vitenge na vipuri vya pikipiki kutoka Asia. Kinshasa unaisikia redioni na kuiona kwenye noti za franka, ingawa hata hizo hushindana na dola. Mashariki ndiko riziki inakotoka.

Na mashariki kuna rafiki. Hilo ndilo linalofanya habari hii iwe na uzito wa pekee, maana serikali za Kinshasa na Kampala si mahasimu kwa kauli zao rasmi. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe na Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara ambazo Uganda ilikubali kuchangia ndani ya ardhi ya Kongo, zikiwemo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo majeshi ya Uganda yaliingia kwa operesheni ya pamoja na jeshi la Kongo, iliyopewa jina la Shujaa, kuwapiga waasi wa ADF. Tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, askari wa Uganda walionekana hadi Butembo na kusini zaidi upande wa Lubero. Kwa hiyo barabara ninayoisimulia inalindwa kwa sehemu na jeshi la nchi ambayo malori yake yanasimamishwa kwenye barabara hiyohiyo. Bidhaa ya Kampala inapofika Kasindi bado inapimwa kwa viwango vya ushuru vya Kongo yenyewe, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kana kwamba ule mkataba wa jumuiya ulitiwa saini kwa ajili ya watu wa bara jingine.

Mtu anayefuatilia dunia atasema hisia za watu katika hali kama hii zinajulikana. Atatoa mfano wa Kanada. Mwaka 2025, Marekani ilipoipandishia Kanada ushuru, Wakanada waliacha kununua bidhaa za Marekani, maduka ya serikali ya jimbo la Ontario yakaondoa pombe za Kimarekani kwenye rafu, na watu wengi wakafuta safari zao za kuvuka mpaka. Urafiki wa miaka mingi uligeuka kuwa fahari ya bendera katika muda wa wiki chache. Nauheshimu uchungu huo, lakini naamini haufundishi lolote kuhusu Butembo. Ili ususie bidhaa ya jirani lazima uwe na nyingine ya kuishika badala yake, na lazima jirani awe mtu mwingine. Butembo haina yote mawili. Ng'ambo ya Lubiriha wanaishi Wakonzo, ambao ni Wayira haohao, lugha ileile, majina yaleyale ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliogawanywa na mpaka ambao Waingereza na Wabelgiji waliafikiana mwaka 1910. Kambere wa Kasese na Kambere wa Beni wamepewa jina na desturi moja. Serikali ya Kinshasa ikikasirikia bidhaa za Kampala, mtu wa Butembo haambiwi amchukie mgeni. Anaambiwa amlipie zaidi shemeji yake.

Kutokana na hayo nasimamia jambo moja, na safari nzima ilinizidishia uhakika juu yake. Nchi marafiki zinapovutana kwa biashara, upendo wa watu wa Beni na Butembo kwa jirani haupungui sana. Kinachopungua ni imani yao kwa dola lao wenyewe. Na hisia kubwa kuliko zote ni ile ya kutohesabiwa: kwamba ugomvi umeanza, umeendelea, na pengine umekwisha, bila mtu mmoja kufikiria kuwa kuna mji wa mamia ya maelfu ya watu unaokula kupitia lango lile moja. Adui akikufungia njia unaelewa. Tangu awali ulimjua kuwa adui. Rafiki anapokufungia, na kesho yake picha za viongozi wakipeana mikono zikaonyeshwa, huna hata neno la kuiitia hali hiyo.

Njia ya kuteremka kutoka Butembo kwenda Beni hupita Kabasha na Maboya, kati ya mashamba ya maharage, migomba na miti ya mikaratusi, na malori ya kutoka mpakani yalikuwa yakinijia moja baada ya jingine, yakipanda kwa gia nzito. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, na ni zito. Je, si kweli kwamba watu wa huku wanayo hasira ya dhati dhidi ya Uganda? Ni kweli. Kati ya 1998 na 2003 majeshi ya Uganda yalikalia eneo hili. Beni ilikuwa makao ya kundi la waasi la RCD-K/ML, la Mbusa Nyamwisi, chini ya kivuli cha Kampala. Na mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria kwa kuivamia Kongo na kwamba iliwajibika kwa uporaji wa maliasili. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo iliamuru fidia ya dola milioni 325. Mzee wa Beni aliyekuwa kijana wakati ule hahitaji kusomewa hukumu ili akumbuke mbao na dhahabu zilizoondoka. Shaka hiyo ipo, inasemwa wazi, na kila msafara wa kijeshi wenye namba za Uganda huiamsha upya.

Lakini tuitazame shaka hiyo inaelekea wapi. Inaelekea kwa majenerali, kwa dhahabu, kwa siri za Kampala. Haielekei kwa muuza unga wa Bwera, ng'ambo ya mpaka. Hata katika miaka ileile ya ukaliaji, biashara ya Butembo haikufa. Wafanyabiashara wakubwa walikubaliana na watawala wa RCD-K/ML kulipa ushuru kwa mapatano, wakilipa mapema kwa kiwango walichoafikiana, na mzigo ukaendelea kuingia. Watu walijifunza kutenganisha jeshi na jirani wakati ambapo kuyachanganya kungekuwa rahisi mno. Ikiwa uvamizi haukuwafundisha kumsusia Mkonzo, ushuru wa sabuni hautawafundisha. Wanaouona uhasama wa watu katika kila mvutano wa forodha hawajawahi kukaa kwenye soko la mpakani siku ya soko.

Beni iko chini kuliko Butembo, kwenye joto, msitu ukiwa karibu. Tangu Oktoba 2014 mji huu na vijiji vyake vimekuwa vikizika watu waliouawa kwa mapanga na risasi, na tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa, utawala wa kijeshi. Baada ya Goma kuanguka, serikali ya mkoa ilihamia hapa, na mji uliozoea kuwa pembeni ukajikuta ndio makao. Jambo moja la Beni lazima lielezwe kwa kirefu kwa sababu linaonyesha hisia za watu vizuri kuliko hotuba yoyote: kakao. Mashamba ya kakao yameenea kuelekea Mbau, Oicha na bonde la Semuliki, mara nyingi hukohuko ambako ADF huua. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kiasi ambacho mkulima wa Beni hakuwahi kukiota. Ilipaswa kuwa baraka. Lakini upande wa Kongo kakao hukutana na kodi nyingi za mauzo ya nje, vibali, na ofisi zinazodai kila moja fungu lake, wakati ng'ambo, Uganda, mnunuzi anasubiri bila masumbufu hayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kakao huvushwa, kama wanavyosema huku, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika hilo zaidi ya mara moja. Inaandikwa Uganda, inahesabiwa Uganda, na Kongo inalalamika kwamba jirani anaiba.

Nimelifikiria sana lalamiko hilo la wizi, maana ndilo hutolewa kama chanzo cha ukali mpakani. Serikali ina haki ya kukasirika inapoona mazao yake yakitajirisha takwimu za nchi nyingine. Lakini mtu aliyepanda mkakao, akaupalilia akiwa na hofu ya kukatwa kichwa shambani, kisha akauza mahali alipopata bei nzuri bila kuburutwa kwenye ofisi saba, haoni kwamba ameiibia nchi. Anaona kwamba nchi ilikuwa mbali wakati wa jembe, ikafika wakati wa mizani. Magendo katika sehemu hii ni kauli. Ni namna ya watu wasio na viti vya kutosha bungeni, wala chama cha kuwasemea, kuiambia serikali kwamba sheria zake hazikuwafikiria. Ukali unapoongezwa mpakani kujibu magendo, kauli hiyo huongezeka sauti, maana njia za panya ni nyingi kuliko askari wa forodha.

Mwezi wa Julai 2025 liliongezeka jingine. Uganda iliifungua tena mipaka ya Bunagana na Ishasha, ambako upande wa Kongo ulikuwa mikononi mwa M23. Kwa Kampala ilikuwa nafuu kwa wafanyabiashara na wakulima wake wa Kisoro na Kanungu, na siwezi kuwalaumu watu wa huko kwa kufurahi, kwani Bunagana ilikuwa imeanguka tangu 13 Juni 2022 na maisha yao yalisimama nayo. Lakini itazame kutoka Beni. Mfanyabiashara wa hapa analipa ushuru wa serikali Kasindi, halafu anasikia kuwa mlango mwingine umefunguliwa kusini ambako ushuru unalipwa kwa waasi, na mzigo unaopita huko unaweza kukutana na wake katika masoko ya Lubero. Rafiki yuleyule ambaye askari wake wanalinda Beni anafanya biashara na wale wanaoishika Goma. Sidhani kuna lililoumiza urafiki wa watu wa kawaida katika miaka hii kuliko hilo. Hata hivyo, tena, hasira ilikwenda juu, kwa wakubwa wa pande zote mbili.

Kuna magomvi ambayo Kongo haimo kabisa na bado bili inafika Beni. Januari 2008, Wakenya walipopigana baada ya uchaguzi na reli ikang'olewa, esansi, yaani petroli, ilipotea Uganda na mashariki mwa Kongo pamoja. Januari 2022 madereva waligoma Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, na bei za mafuta Uganda zikaruka. Mwishoni mwa 2023 Kenya na Uganda, majirani walioasisi jumuiya moja, zilivutana juu ya nani aagize mafuta ya Uganda. Uganda ikaishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na maelewano yakapatikana mwaka 2024. Katika mivutano hiyo hakuna aliyemtaja dereva wa pikipiki wa Beni. Lakini esansi yake hupita Mombasa, Eldoret na Kampala, na kila ugomvi wa njiani humfikia ukiwa umeshaongezewa faida ya kila mkono uliopita. Huyu hana hata serikali ya kuilaumu. Hisia yake ni ya mtu aliye mwisho wa bomba.

Nilipochukua njia ya mashariki kutoka Beni, mlima Rwenzori ukiwa mkono wa kushoto nyuma ya mawingu, nilikuwa nikilijadili na nafsi yangu pingamizi la pili, ambalo naliona lina nguvu kuliko yote. Je, Kongo isiyalinde mazao na viwanda vyake? Nchi ya watu zaidi ya milioni 100 itaendelea hadi lini kununua sabuni, saruji na bia kwa majirani? Swali ni la haki, na majirani wote hulijibu kwa vitendo. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache baada ya Kongo kuzuia bia na soda kutoka nje. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga zaidi ya 6,000 vilivyoingizwa kutoka Kenya. Kila mmoja alikuwa na hoja yake ya afya au ya ajira, na baadhi ya hoja hizo zilikuwa za kweli.

Tatizo ni neno "viwanda vyetu". Viwanda vikubwa vya saruji vya Kongo viko Kongo-Central, karibu na bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Hakuna barabara inayoweza kuleta mfuko kutoka huko hadi Butembo kwa bei ya binadamu. Kiwanda cha Hima, Kasese, kiko chini ya kilomita 100 kutoka Kasindi. Ushuru unaokusudia kumlinda mfanyakazi wa Lukala, huko Kongo-Central, haumfikishii mjenzi wa Beni hata mfuko mmoja wa Lukala. Unampandishia tu wa Hima. Ulinzi wa viwanda ni haki pale ambapo kuna kiwanda cha kulindwa au barabara ya kukifikia. Pasipo yote mawili ni faini kwa kosa la kuzaliwa mashariki. Na watu wanalielewa hili bila kufafanuliwa na mchumi yeyote. Ndiyo maana maneno ya uzalendo wa bidhaa, ambayo Kanada yaligusa mioyo, hapa huangukia kwenye masikio yaliyochoka. Siyo kwamba Wanande hawaipendi Kongo. Wameililia nchi hii kwa damu katika vijiji ambavyo ulimwengu haujui hata majina yake. Wanachokosa ni ushahidi kwamba Kongo inapotamka "sisi" inawahesabu na wao.

Barabara yenyewe ya Beni hadi Kasindi ni hoja. Hupita Semuliki, Bulongo na miji midogo iliyojaa mashamba, kisha sehemu ya Hifadhi ya Virunga, ambako wasafiri kwa miaka mingi walipita kwa misafara yenye ulinzi wa kijeshi. Kazi ya ujenzi imekwenda kwa kusuasua, ikisimama na kuanza, wakati mwingine kwa vita, wakati mwingine kwa fedha. Ni barabara iliyoahidiwa na marafiki wawili, na kila kilomita ya vumbi humkumbusha abiria kiasi cha urafiki huo.

Na kuna funzo ambalo njia hii ilitoa miaka michache iliyopita. Kuanzia 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, Beni, Mangina na Butembo zikiwa katikati ya janga. Juni 2019 ugonjwa ulivuka hadi Kasese. Shinikizo la kufunga mpaka lilikuwa kubwa, na Shirika la Afya Duniani, hata lilipotangaza hali ya dharura ya kimataifa Julai 2019, lilishauri mipaka isifungwe, kwa sababu watu wangevuka kwa njia zisizo na vipimo. Uganda ilikubali: maelfu waliendelea kupita Mpondwe, wakinawa mikono na kupimwa joto. Ugonjwa ule haukuenea Uganda. Kama lango lingeweza kubaki wazi mbele ya kifo cha namna ile, kwa hesabu tu kwamba wananchi watavuka na ni heri wavuke mbele ya macho yetu, basi nashindwa kuelewa kwa nini hesabu hiyohiyo haifanywi kwa gunia la unga.

Pingamizi la tatu nitalijibu kwa ufupi: kwamba "watu wa kawaida" ni neno la jumla mno, kwa kuwa wapo wanaonufaika na mivutano. Ni kweli. Mwenye ghala kubwa Butembo aliyeagiza kabla bei haijapanda hufurahi. Mwenye lori na jamaa ofisini hupita wengine wakisubiri. Maduka yanapofungwa siku za mji mfu kupinga kodi, tajiri ana akiba ya kula na mchuuzi hana. Lakini hilo linaongeza uchungu, halipunguzi. Mchuuzi anaona kwamba ugomvi wa serikali, ambao yeye hakuuanza, una washindi anaowajua kwa majina na mitaa yao.

Kasindi ni mji wenye kelele za injini na harufu ya mazuti, na shilingi ya Uganda hupokelewa kama franka. Amri ya rais namba 036/2002 ya 28 Machi 2002 iliweka wazi ni idara zipi za Kongo zinaruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, uhamiaji, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa OCC, na afya ya mipakani. Nne. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, kila anayevusha mzigo hapa anajua kuwa mikono inayonyooshwa ni mingi kuliko minne, na kilio cha kuitekeleza amri hiyo kimekuwa kikirudiwa na wafanyabiashara tangu wakati huo. Wanaolipa zaidi kwa uwiano ni wanawake wanaovuka kwa miguu wakiwa na ndoo ya samaki wa chumvi au beseni la vitunguu kichwani. Utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo upo katika mikataba ya COMESA na ya Jumuiya, lakini mwanamke asiyeambiwa haki yake kwa lugha yake hubaki kulipa anachoambiwa. Serikali mbili zinapokaripiana, ukali wa juu hushuka hadi kwake ukiwa umegeuka kuwa mia chache za franka kwa kila kizuizi, na siku hiyo mtoto wake hula mara moja.

Hapo mtoni kuna jambo jingine la kukumbukwa. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi na kuua zaidi ya watu 10. Tarehe 16 Juni mwaka huohuo, ng'ambo ya mto, Mpondwe, shule ya sekondari ya Lhubiriha ilivamiwa usiku, na zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Waliopiga pande zote mbili ni ADF. Miezi mitano, mto mmoja, jina moja la shule na la mto. Wafu wa pande zote mbili walililiwa kwa lugha moja. Ukisimama hapa ukiwa na hayo kichwani, orodha ya bidhaa zilizozuiwa inaonekana ndogo, na inaonekana pia kuwa imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama hapa.

Malori niliyopishana nayo tangu Maboya yalikuwa na ndugu zao hapa, yamezima injini, maturubai yamefungwa kamba, madereva wakiwa wameketi kwenye kivuli cha magurudumu wakisubiri karatasi. Upande ule wa daraja, foleni ilirudi nyuma kuelekea Bwera. Mifuko ya saruji ilikuwa ndani, na mchele, na mafuta ya kupikia. Huko juu kwenye baridi ya Butembo, mama wa kopo la mchele alikuwa hajaambiwa chochote kuhusu karatasi hizo, na bei atakayoitaja kesho asubuhi ilikuwa imekaa hapa, juani, ikingoja mhuri.